Kochi Lenye Meno

"Lisome wewe mwenyewe," Mama Makochi alimwambia mkwewe, akamsukumia gazeti juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Kinyozi wa hapo nje keshanisomea, lakini kinyozi yule ana kigugumizi, kila tusi nimelisikia mara tatu. Sasa nataka nilisikie kwa mdomo wa aliyeliandika."

"Mama, si tusi. Ni uhakiki wa filamu."

"Kumbe lina jina. Haya, nisomee huo uhakiki."

Mkwe alimtazama mkewe, amwokoe. Mkewe, ambaye ndiye binti pekee wa Mama Makochi, alikuwa amekaa juu ya bunda la sponji akichambua nyuzi zisizohitaji kuchambuliwa, na uso wake ulisema wazi kwamba leo yeye si mke wa mtu wala mtoto wa mtu. Ni mpita njia aliyeingia kujikinga na jua.

Basi mkwe akavaa miwani akasoma, haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. "'Riwaya hii imekaa vichwani mwetu tangu tukiwa shule kama kitu cha kutisha. Filamu imeitoa humo ikaifanya kichekesho. Tuliahidiwa joka linalomeza sauti za watu. Tulicholetewa ni kochi lenye meno. Mtazamaji haogopi kuliwa. Anatafuta mahali pa kukaa.'"

"Rudia hapo mwisho."

"Mama."

"Anatafuta mahali pa nini?"

"Pa kukaa."

Mama Makochi alichukua nyundo akapigilia msumari kwenye mguu wa kiti ambao haukuwa na tatizo lolote. Akapigilia wa pili. Alipomaliza, hasira ilikuwa pale pale, ila kiti ndicho kilichoharibika.

Joka lenyewe, alilolishona yeye, lilikuwepo, linasikiliza. Lilikuwa limeijaza karakana nzima tangu filamu ilipomalizika. Kichwa kilikuwa kimeegemea ukuta wa dirishani kikiwa kimetoa macho ya vifuniko vya sufuria, mwili ukazunguka cherehani, ukapita nyuma ya meza, na mkia ukatokea mlango wa uani ukaingia kwa jirani, ambaye alianza kuuanikia nguo na sasa ukimuuliza anakwambia hiyo ni kamba yake, kaachiwa na marehemu baba yake. Lilikuwa refu hivyo. Siku lilipopelekwa kupigwa picha lilipakiwa kwenye malori mawili, na waliokuwepo wanasema lori la mbele lilifika, dereva akala, akalala, akaota ndoto akaamka, la nyuma ndiyo kwanza linatoka mlangoni.

Na alasiri hiyo joka lilikuwa linakuja kuchukuliwa. Mwongozaji wa filamu alikuwa amepiga simu asubuhi, na sauti yake ilikuwa tamu kama ya mtu anayekuja kuazima kitu asichokusudia kurudisha. Alisema magazeti yamemchafua, redio zimemchafua, watoto wamekaa na simu zao wanalichora joka lake likiwa na mito na vitambaa vya mezani. Kwa hiyo ameamua kulitoa kwenye filamu na kulichukua, lisionekane tena. Kuna vijana watamchorea jingine kwenye kompyuta. Na jina la mama, lile linalopanda mwishoni pamoja na majina ya waigizaji, ndiyo hivyo tena, nalo litatoka, maana halitakuwa na kazi ya kusimamia.

"Nani kakwambia joka langu ni baya?" Mama Makochi alikuwa amemuuliza.

"Mama, si mimi. Hata mkweo kaandika. Na yule akishasema, mimi nitasimama na nani?"

Hapo ndipo alipomwita binti yake aje, na aje na mumewe, na waje sasa hivi.

Kuna jambo moja ambalo mtu asipolijua hawezi kuielewa hasira hii. Mama Makochi ameshona viti tangu ujana wake. Alianza kwa mumewe, fundi aliyekuwa na sifa mji mzima na mkono uliopinda. Makochi ya yule bwana yalikuwa yanainamia upande mmoja kama yanasikiliza umbeya wa jirani. Mumewe akitoka kwenda kunywa chai, yeye anayafumua, anayashona upya, anayanyoosha. Mumewe akirudi anakuta kochi limesimama wima, anajipigapiga kifua anasema, "Unaona? Kazi ikipoa inajinyoosha yenyewe." Akaamini hivyo mpaka kufa kwake. Alipofariki wateja walikuja kumlilia fundi wao, na walipoinua macho wakashangaa makochi yanaendelea kutoka, tena sasa hayachelewi. Ndipo jina la Mama Makochi likashika.

Jina likashika, lakini nani aliyeitazama kazi? Mshona nguo kazi yake inabebwa kifuani. Fundi wa milango kazi yake inagongwa kwa adabu kabla mtu hajaingia. Kazi ya Mama Makochi watu wanaifikia kinyumenyume. Wanaigeuzia mgongo, wanainama kidogo, wanaishushia kile walichonacho cha kushushia, halafu wanageuka kutazama televisheni. Alishonea ukumbi wa harusi, akashonea chumba cha kusubiri cha daktari wa meno, akashonea mabasi. Aliwahi kusema kwamba siku ya mwisho akiulizwa alishuhudia nini duniani, hatataja sura hata moja, na bado ataweza kuwatambua watu wote wa mji ule wakipita wamegeuka.

Kisha akaja mwongozaji, kochi lake likiwa limetoka matumbo, akaona marundo ya ngozi bandia ya kijani, akauliza kama mama anaweza kushona joka. Mama Makochi alijibu kwamba kashona kochi la kukalisha ukoo mzima na wageni wao, joka litamshinda nini. Riwaya aliijua. Shuleni hakufika darasa linaloisoma, lakini binti yake aliisoma kwa sauti hapo hapo kwenye meza ya kukatia wakati wa mitihani: mji ambao joka la kisimani linameza sauti za watu mmoja mmoja, mpaka soko zima linabaki kununua na kuuza kwa vidole, na msichana aliyezaliwa bubu anateremka kisimani kulikabili, kwa kuwa yeye hana cha kumezwa.

Alilishona kwa moyo wake wote. Akaliwekea katani shingoni, sponji tumboni, meno ya vipini vya miavuli. Na akaliwekea springi. Hakuna aliyemwambia aweke springi. Yeye hajui kushona kitu bila springi. Kitu kisicho na springi, kwake yeye, ni gunia.

Springi hizo ndizo zilizoleta balaa. Siku ya kupiga picha ya mwisho, msichana bubu alilichoma joka mkuki, joka likaanguka, likainuka. Akalichoma tena. Likaanguka, likainuka, safari hii likiwa limegeuka kumtazama. Mwongozaji alipiga kelele mpaka koo likamkauka, akawatuma wanaume wanne wakalikalie, likawarusha wote wanne, mmoja akaangukia kwenye sufuria ya chakula cha waigizaji. Jua likaanza kuzama. Mwongozaji akasema basi, iachwe hivyo hivyo.

Filamu ilipotoka, nusu ya ukumbi ilicheka pale. Mama Makochi alikuwa mstari wa mbele, na hakucheka. Alingoja. Watu walianza kutoka, taa zikawashwa, wakaupa ukuta kisogo kama walivyoyapa makochi yake kisogo miaka yote, na huko ukutani majina yakawa yanapanda. Akaliona lake. Jina lake kamili, alilopewa na wazazi, ambalo hata kinyozi halijui. Mbele yake limeandikwa: Joka. Alisimama pale mpaka mfagiaji akamzunguka na ufagio. Akaenda kumwomba fundi mitambo alirudishe kidogo, fundi mitambo akakataa, basi yeye akarudi kesho yake kuliona tena.

Jina hilo ndilo lililokuwa linakuja kuchukuliwa alasiri hiyo. Joka lilikuwa mzigo tu.

"Mimi sikuombi unisifu," alimwambia mkwewe, akaweka nyundo chini. "Kilemba cha ukoka sikitaki, vitambaa ninavyo tele. Niambie tu joka langu lilikukosea nini."

Mkwe alivua miwani akaifuta. Alikuwa kijana mpole, mwenye vidole vyembamba, mtu wa kuomba radhi akikanyagwa yeye. Lakini akishika kalamu, mpole huyo anatoka nje na kuingia mwingine. "Mama, kwenye riwaya joka halionekani. Mwandishi anakupa pumzi yake tu, na baridi, na kile kisima. Joka lenyewe unalitengeneza mwenyewe kichwani, na kila mtu analitengeneza baya kuliko la mwenzake. Sasa filamu imeliweka peupe, juani, limeshiba kama nini."

"Ulitaka walipige picha pumzi?"

"Ningetaka wajaribu. Halafu springi, mama. Limechomwa mkuki, limeruka."

"Ulitaka life kama kuku?"

"Nilitaka life. Kitabuni linakufa mara moja."

"La kitabuni sikulishona mimi."

Binti alicheka kidogo kule kwenye sponji, akajikohoza. Mama yake alimtupia jicho.

"Na wale wengine?" Mama Makochi akaendelea. "Yule mwalimu mzee wa redioni kasema riwaya imechinjwa kwa kisu butu. Sawa. Kamlaumu mwongozaji, kamlaumu aliyeandika maneno ya waigizaji, kamlaumu hata yule msichana kwamba kwa bubu anaongea sana kwa macho. Joka kalitaja mara moja, akasema lina mwili. Nikasema haya, huyu ni mtu mzima, kaongea. Wewe ukurasa mzima ni joka, joka, joka. Mwongozaji hukumgusa. Waigizaji hukuwagusa. Ulikuwa unamwandikia nani?"

"Nilikuwa naandikia wasomaji, mama."

"Wasomaji gani wanaonichukia hivyo?"

"Hakuna anayekuchukia. Ni kwamba," mkwe akasema, na maneno yakamtoka kabla hajayakagua, "watu wote wa gazetini wanajua wewe ni mkwe wangu. Nilipojua ni kazi yako, ilibidi niwe mkali zaidi."

 Mashine ya kinyozi ya kunyolea, ambayo ilikuwa inanguruma ng'ambo ya ukuta, ilizimwa. Kinyozi alikuwa hajamaliza kichwa, lakini kuna vitu mtu hawezi kuvikosa.

"Zaidi ya nini?" Mama Makochi akauliza.

Mkwe akavaa miwani tena.

"Nauliza, mkwe wangu, na nauliza kwa heshima. Mkali zaidi ya nini? Kuna kiasi ulichokuwa nacho, halafu ukaongeza. Mimi nimeonja chumvi. Nataka kuujua mchuzi ulikuwaje kabla hujautia."

"Mama, uhakiki hauko hivyo."

"Mwambie," binti akasema.

Alikuwa ameziacha nyuzi. Mumewe alimgeukia taratibu kama mtu aliyesikia kabati lake la nyumbani likitaja siri.

"Mwambie ulivyofanya joka lilipochomwa."

"Haya ni mambo ya nyumbani kwetu."

"Hapa pia ni kwetu. Mama, alinishika mkono. Mara ya kwanza lilipochomwa alikuwa anaandika andika kwenye giza, hana habari. Mara ya pili akaacha kuandika. Lilipoinuka tena likamgeukia yule msichana, akanibana vidole mpaka pete ikaniuma, akasema, 'Jamani, liacheni.' Si kwa kunong'ona. Mtu wa mbele yetu aligeuka kumtazama."

"Nilikuwa nimechoka siku ile," mkwe akasema.

"Ulikuwa na machozi siku ile. Tumetoka pale hukusema neno njia nzima. Tumefika nyumbani, umekaa mezani, nikajua unaandika hayo. Asubuhi nafungua gazeti, nakuta kochi lenye meno."

Mama Makochi alimgeukia binti yake. "Na wewe," alisema, "umekaa juu ya sponji yangu tangu mlipoingia, na maneno hayo unayo tumboni."

"Nilidhani atasema mwenyewe."

"Wewe ni mwanangu, lakini leo nikikuweka kwenye mizani na mumeo sijui nani atapanda nani atashuka."

Mkwe aliinuka, akatafuta pa kwenda, lakini kwenye karakana ile kila upande ulikuwa na joka. "Ndiyo," alisema hatimaye, na sasa na yeye sauti ilikuwa imepanda. "Ndiyo, nilihuzunika. Na hilo ndilo kosa la filamu. Lile joka ni la kuchukiwa. Limeunyamazisha mji mzima. Huwezi kumtoa mtu nyumbani kwake aje kumwonea huruma mnyama aliyeumeza mji. Kitabu kizima kinaanguka hapo."

"Sawa kabisa," Mama Makochi akasema.

Mkwe alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

"Sawa kabisa. Hilo ungeliandika, ningekasirika, ningekunyima chai, lakini ningelijua ni neno. Joka limeharibu kitabu kwa sababu watu wamelipenda. Mbona hukuliandika?"

"Wangesema namsifu mkwe wangu. Wangesema najipendekeza."

"Kwa hiyo ukanivua nguo mimi, ili wewe uonekane umevaa."

"Sikukusudia."

"Ulikusudia. Kalamu haikuteleza ukurasa mzima. Ulikaa, ukachagua neno. Ukatupa moja, ukaokota jingine. Ukapata kochi. Ukatabasamu, nakuona. Ukasema hili litawachekesha, na hakuna atakayesema mimi nambembeleza mama mkwe." Hakupaza sauti hata kidogo, na binti yake, aliyemjua, alianza kuogopa. "Kinyozi kanisomea mbele ya wateja wake. Mtu mwenye povu la sabuni mashavuni kacheka mpaka akakatwa. Na mimi nimesimama mlangoni, na jina chini ya gazeti ni lako, jina ambalo mwanangu analitumia."

Kutoka ng'ambo ya ukuta kinyozi alisema, "Sa-samahani, mama."

"Wewe nyoa."

Mashine ikanguruma upya. Mkwe akakaa pale alipokuwa, na alipokuwa palikuwa shingo ya joka. Springi zikampokea, zikampandisha, zikamteremsha, zikampandisha tena, na ikabidi amalize kutikisika kwanza ndipo aongee kitu chenye maana. Hakuna aliyecheka.

"Mama, unataka nifanye nini?"

"Mwongozaji anakuja. Utamwambia uliyoyasema hapa, mbele yangu. Uliyoyasema sasa hivi, si ya gazetini. Baada ya hapo akitaka kulitoa, alitoe. Kama joka ni baya, sina neno. Nimewahi kushona makochi mabaya na nayajua yote yaliko. Moja liko sebuleni kwako."

"Lile la bluu?" binti akauliza.

"Lile la bluu. Nilikuwa na homa. Lakini jina langu," akamgeukia mkwewe, "halitatolewa ukutani kwa sababu wewe unaogopa kuitwa mkwe."

"Gazeti limeshatoka, mama. Nikisema leo kitu kingine, na yule bwana atakisema kila mahali, unamjua alivyo. Nani ataniamini tena?"

"Nani anakuamini sasa? Muulize mkeo."

Mkwe hakumuuliza. Alimtazama tu, na mkewe naye akamtazama, na hakumsaidia. Alikuwa ameinuka kutoka kwenye sponji akaenda kusimama upande wa meza aliposimama mama yake. Haikuwa hatua ndefu, lakini mkwe aliiona yote.

Nje, gari lilisimama. Mlango wa gari ukafungwa, kisha mwingine, na mtu akasikika akimwelekeza mwenzake arudishe nyuma, arudishe, arudishe, basi. Kinyozi akazima mashine tena.

"Nikimwambia atafikiri nimekuja kukutetea," mkwe akasema upesi, kwa sauti ya chini.

"Wewe usinitetee. Sema ulichokiona."

"Nitasema ilikuwa," akaanza, akasimama, akalishika joka kwa mkono mmoja ili litulie. "Nitamwambia kwamba nilipokuwa nimekaa pale ndani, mimi mwenyewe nili..."

Mwongozaji aliingia bila hodi, miwani ya jua ikiwa juu ya paji la uso, na nyuma yake wapagazi wawili wenye kamba. Alikuwa amejiandaa kwa huzuni, sura yake ilikuwa imeshapangwa tangu kwenye gari. Alipomwona mkwe, sura ile ikafunguka yote.

"Afadhali umekuja," alimwambia, akamshika bega. "Mwambie mama wewe mwenyewe. Mimi naona aibu."

 Mama Makochi hakumgeukia mwongozaji wala hakuitikia salamu yake. Alikuwa anamtazama mkwewe, akingoja alimalize lile neno lake.